Chombo chako cha kwanza katika EVE Online: mwongozo kamili kwa anayeanzia Mombasa

Siku mpwa wangu alipofungua EVE Online, gemu ya kompyuta ya vyombo vya angani, kwa mara ya kwanza, chumbani kwao Tudor, hakuuliza gemu inachezwaje. Alikwenda moja kwa moja kwenye orodha ya vyombo, akashuka mpaka kwenye manowari, akaigeuzageuza kwa mausi ili aione pande zote, kisha akaniuliza, "Mjomba, hii naipata lini?"

Nikamwambia hilo ni swali la miezi mingine. Swali la leo ni huko angani unakwenda kufanya kazi gani, na chombo chako kikiteketea usiku huu, je, kesho asubuhi utaweza kununua kingine kama hicho? Anayeweza kujibu hayo mawili ameshachagua chombo, hata kama hajui jina lake.

Nalisisitiza kwa sababu EVE si kama gemu nyingi. Chombo kikiharibiwa, kimekwenda. Hurudishiwi, wala huwezi kuanza upya pale ulipoishia. Gemu ilitoka Mei 2003, kazi ya kampuni ya CCP ya mjini Reykjavik, Aisilandi, na mpaka leo wachezaji wa karibu dunia nzima, ukiitoa China, wanakutana kwenye seva moja iitwayo Tranquility, iliyoko London. Vyombo vingi unavyoviona sokoni vimeundwa na wachezaji wenzako, kwa madini yaliyochimbwa na wachezaji wengine. Ukubwa haumkingi mtu. Januari 2014, katika mfumo wa nyota uitwao B-R5RB, vita vya kama saa 21 viliteketeza Titan 75, na Titan ndiyo aina kubwa kabisa ya chombo. Waliovipoteza walikuwa wazoefu. Wewe wa wiki ya kwanza utapoteza pia, kwa hiyo chagua ukilijua hilo tangu mwanzo.

Kwanza angalia nyumbani kwako: intaneti na stima

Watu wengi wa Mombasa huniambia hawathubutu kushika chombo cha vita kwa sababu seva iko mbali. Hofu hiyo ina msingi kwenye gemu za bunduki, lakini hapa haina uzito. Seva ya EVE hupiga hesabu zake mara moja kila sekunde. Amri yako ikichelewa sehemu ndogo ya sekunde kufika London, mara nyingi huingia kwenye hesabu ileile na ya jirani yako wa Uingereza. Tena sisi tuko mlangoni: nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika hapa Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010. Kupakua gemu ndiko kunakomeza bando, kwa hiyo fanya kazi hiyo kwenye waifai. Ukishaanza kucheza, hata intaneti ya simu inatosha. Ila utahitaji kompyuta. Ile EVE Echoes ya kwenye simu ni gemu nyingine, na mengi ya humu hayahusiani nayo.

Stima ndiyo jambo la kulifikiria kwa makini. Ukikatika mtandao ukiwa angani, chombo hujaribu chenyewe kupiga wapu, yaani kuruka kwa kasi kubwa, mpaka mahali pa mbali, na baada ya kama dakika moja hutoweka. Lakini ukikatika katikati ya mapigano na mchezaji mwingine, chombo kinabaki pale kwa muda wa hadi dakika 15, na adui ana nafasi ya kukitafuta. Kama mtaani kwenu stima hukatika kila jua likizama, na kompyuta yako ni ya mezani bila betri ya akiba, anza na kazi isiyo ya vita. Wenye laptopu wawashe mtandao wa simu kando, uwe tayari kushika zamu.

Ujue ukubwa wa vyombo

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa sana hapa. Mtu hapeleki jahazi kuvua dagaa, wala hapakii shehena ya saruji kwenye mtumbwi. Katika EVE, mtumbwi wako ni korveti. Hupewa bure, na ukitia nanga kwenye stesheni isiyo na chombo chako chochote, unapewa nyingine. Inayofuata ni frigeti, ambayo ni kama ngalawa: ndogo, nyepesi, rahisi kununua. Juu yake kuna destroya, kisha kruza, kisha kruza ya vita, kisha manowari. Vyombo vikubwa zaidi ya hapo viache kwanza.

Chombo cha kwanza cha kununua kwa pesa yako kiwe frigeti. Sijakutana na sababu nzuri ya kufanya vinginevyo. Manowari ina mizinga mizito inayogeuka polepole, na kitu kidogo kinachozunguka karibu nayo huipa taabu kukilenga. Ndiyo maana frigeti mbili tatu zenye watu wanaojua kazi humshika mwenye manowari asiyejua, wakamfunga wapu asiweze kukimbia, wakamla taratibu.

Chagua kazi, chombo kitafuata

Kabla hujatoa hata ISK moja, ambayo ndiyo pesa ya humo ndani, tembelea mawakala wa kazi wa wachezaji wapya. Wapo wa vita, wa utafutaji na wa viwanda, na kazi zao hukulipa vyombo vidogo na vifaa. Wamalize wote. Ni jioni chache tu, na utatoka ukijua kipi kilikuchosha na kipi kilikufanya usahau chakula.

Ukipenda kazi ya utulivu, ya kuchimba huku unazungumza na watu barazani, chombo chako ni Venture. Ni frigeti ya uchimbaji, na sijui chombo kingine kinachomfaa mgeni kiasi hicho. Ina ghala maalumu la madini la mita za ujazo 5,000, wakati frigeti nyingi ghala zao ni mamia tu. Pia injini yake ya wapu imeongezewa nguvu pointi mbili, kwa hiyo mshambuliaji mwenye kifaa kimoja dhaifu cha kufunga wapu hakuzuii kuondoka. Kuna nafasi ya droni mbili ndogo za kufukuza maharamia wa kompyuta wanaokuja kuzunguka mawe. Funga leza mbili za kuchimba, ongeza ngao kidogo katika nafasi za kati za kufungia vifaa, na katika ile nafasi moja ya chini weka kifaa cha kuongeza mavuno au cha kuimarisha mwili wa chombo. Mimi huweka cha kuimarisha mwili.

Kama moyo wako uko kwenye kutafuta, basi nikueleze kwa urefu, kwa sababu hapa ndipo mpwa wangu alipotulia na ndipo mgeni anapoweza kupata pesa nzuri kwa chombo cha bei ndogo. Kila moja ya himaya nne za gemu ina frigeti yake ya utafutaji: Heron ya Caldari, Imicus ya Gallente, Magnate ya Amarr na Probe ya Minmatar. Zote zinafanya kazi ileile. Unarusha vidude vinane vya kupima, unavisogeza kwenye ramani huku ukipunguza duara lao, mpaka alama iliyojificha ifike asilimia 100. Kisha unapiga wapu hadi hapo na kufungua makasha kwa mchezo mdogo wa kuvunja ulinzi, kama kupita mizingo ya Mji wa Kale usiku bila taa: kila hatua inakuonyesha kipande kidogo tu cha njia. Frigeti hizi zina nyongeza ya upimaji na ya uvunjaji huo, na ndiyo maana usiende na frigeti ya vita kwa kazi hii.

Katika maeneo salama makasha yana vitu vya bei ya chini. Vya maana viko ng'ambo, ambako sheria hailindi. Huko kinachokulinda ni kifaa cha kuchungulia pande zote, kinachofika takriban AU 14.3, na AU moja ni umbali wa kutoka Dunia mpaka Jua, kama kilomita milioni 150. Bofya kila sekunde chache wakati unafungua kasha. Ukiona chombo cha vita au vidude vya kupima visivyo vyako, acha kasha hata kama limebaki kidogo, uondoke. Nimewaona wengi wakipoteza mzigo wa saa mbili kwa ajili ya kasha moja la mwisho.

Wa vita nao wana frigeti nyingi. Merlin ya Caldari ni imara kwa ngao na humsamehe mgeni makosa mengi. Incursus ya Gallente hujitengeneza deraya vizuri katikati ya vita na hupenda kupigana kwa karibu. Punisher ya Amarr ni ngumu kuvunja, hutumia leza, na leza hukausha betri ya chombo haraka kama hujajifunza kuitunza. Rifter ya Minmatar ina mbio, ila inataka mkono uliozoea. Kwa asiyejua kabisa aanze wapi, ningempa Tristan ya Gallente, kwa sababu hutegemea droni. Unarusha tano ndogo, zinapigana, na wewe unapata nafasi ya kujifunza kukaa umbali sahihi bila kuhangaika na shabaha.

Uchukuzi wa mizigo uache kwanza. Chombo chenyewe hakina gharama kubwa, lakini mzigo ndani yake una, na wapo wanaokaa malangoni, yaani kwenye njia za kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, wakipekua shehena za wapitao.

Himaya isikukoseshe usingizi

Wageni wengi hudhani wakizaliwa Caldari watabaki na vyombo vya Caldari maisha. Sivyo. Mtu yeyote anaweza kujifunza kurusha vyombo vya himaya yoyote, ila ujuzi wa kila himaya unasomwa peke yake. Kosa ni kuonjaonja zote nne ndani ya mwezi mmoja. Chukua moja, ukae nayo mpaka uzoee silaha zake na udhaifu wake.

Kukalia usukani si kukijua chombo

Ujuzi katika EVE hujifunzwa kwa muda halisi, hata ukiwa umelala. Kila ujuzi una ngazi tano. Kwa ujuzi mwepesi kabisa, ngazi ya kwanza inahitaji pointi 250, ya tatu inafika 8,000, ya nne 45,255 na ya tano 256,000. Zitazame tarakimu hizo vizuri. Kutoka sufuri mpaka ngazi ya tatu ni safari ya muda mfupi. Ya nne inataka subira. Ya tano peke yake ni ndefu kuliko zote nne zilizotangulia, na inakuongezea kiasi kilekile zilichokuongezea zile ndogo.

Kwa hiyo katika mwezi wa kwanza tandaza ujuzi wako. Fikisha ngazi ya tatu au ya nne katika yale yanayogusa kila chombo utakachopanda: uwezo wa kompyuta ya chombo, nguvu ya mtambo, betri, ngao, deraya na mwendo. Ukiufikisha ujuzi wa frigeti ngazi ya nne na haya mengine yakabaki sufuri, chombo chako kitakuwa na jina tu.

Akaunti ya Alfa haina malipo, tangu Novemba 2016, ila hujifunza kwa nusu ya kasi ya Omega inayolipiwa, na vyombo vingine imefungiwa. Frigeti nilizozitaja zote ziko wazi kwa Alfa. Nakusihi usitoe pesa halisi kununulia chombo kikubwa katika wiki za mwanzo. Pesa hiyo itaungua langoni pamoja na chombo, na utaichukia gemu bila kosa lake.

Kununua

Soko kubwa kuliko yote liko Jita, kwenye stesheni ya Caldari Navy inayozunguka mwezi wa nne wa sayari ya nne. Ukiingia utaona maandishi yakimiminika: nipe milioni nikurudishie mbili, nunua chombo hiki kwa nusu bei. Ichukulie kama Kongowea alfajiri ya siku ya kufunga mzigo. Bidhaa nzuri ipo, bei nzuri ipo, na mwenye haraka huliwa. Anayesema atakuzidishia pesa ni mwizi, bila ya shaka yoyote. Nunua kupitia orodha ya soko, si mikataba ya watu, mpaka utakapojua kusoma mkataba neno kwa neno. Na kabla ya kubofya, hesabu sufuri. Kuna wanaoweka bei mara kumi wakitegemea jicho lako limechoka.

Kanuni ninayompa kila ninayemfundisha: chombo pamoja na vifaa vyake vyote kisizidi moja ya tano ya pesa ulizonazo. Kama unaweza kumudu kimoja tu, hicho bado si chako. Nunua frigeti tatu zinazofanana badala ya moja ya kifahari, uzipange stesheni. Ya kwanza ikivunjika, ya pili iko tayari, na mkono hautetemeki.

Bima ipo na hudumu wiki 12, lakini hulipa gamba la chombo tu. Vifaa ulivyofunga ndani havimo. Ndiyo sababu usifunge vifaa vya bei mbaya kwenye frigeti ya bei ndogo. Utashinda ukilipwa bima ya ngalawa huku injini ya boti imezama.

Kufunga vifaa

Tumia sehemu ya majaribio iliyomo ndani ya gemu yenyewe. Unafunga vifaa bila kuvinunua, na skrini inakuonyesha kama kompyuta na mtambo wa chombo vinatosha, betri itadumu muda gani, na chombo kitastahimili mapigo kiasi gani. Mambo mawili tu nayarudia kila siku. Chagua ngao au deraya, moja, kufuatana na nyongeza za chombo. Ukigawa nafasi kati ya zote mbili, zote zitakuwa nyembamba. Na silaha zako ziwe za aina moja na za umbali mmoja. Bunduki tatu za aina tatu hazipigi vizuri hata mara moja.

Safari ya kwanza nje

Kila mfumo una namba ya usalama. Kuanzia 1.0 hadi 0.5, polisi wa CONCORD humwadhibu anayekushambulia bila haki. Nimesema humwadhibu; kukuokoa kabla hujavunjika hakuna anayekuahidi. Kutoka 0.4 hadi 0.1 hawaji kabisa, na kuanzia 0.0 kushuka chini kuna wenye nguvu tu.

Mpwa wangu alijifunza mstari huo kwa njia ngumu. Wiki ya tatu alikusanya pesa zake zote akanunua kruza. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, kikombe cha kahawa tungu mkononi. Njia fupi kuelekea alikotaka ilipita kwenye mfumo wa 0.4, gemu ikamwekea onyo katikati ya skrini, akabofya kukubali kabla hajamaliza kulisoma. Ng'ambo ya lango palikuwa na vyombo vitano. Akajaribu kugeuka kurudi langoni. Kruza ikageuka kama lori kwenye kichochoro cha Kibokoni. Ngao ikaisha, deraya ikafuata, mwili wa chombo ukawaka rangi ya chungwa. Hakuwahi hata kuwasha kifaa cha kujitengeneza. Tukajikuta stesheni, na mbele yetu korveti ya bure ikiwa imeegeshwa peke yake. Alinyamaza muda mrefu. Mimi pia sikusema neno, maana nilikuwa nimeliona lile onyo nikaacha alibofye.

Asubuhi yake tulinunua Heron mbili. Ya kwanza aliipoteza siku ya pili, na safari hii alicheka, akapanda ya pili, akaendelea. Alikaa na Heron miezi miwili kabla ya kutaka destroya.

Nawe pia, chombo kikivunjika, fungua ripoti ya kuvunjika kwake. Inakuonyesha nani alipiga, kwa silaha gani, na vifaa vyako vilivyokuwamo. Mwandikie aliyekuvunja umuulize ulikosea wapi. Utashangaa wangapi hujibu kwa upole, na wengine hukutumia pesa ya chombo kingine. Kuna pia EVE University, shirika la wachezaji linalofundisha wageni tangu 2004.

Mwisho, saa. Saa ya gemu iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Ulaya hujaa jioni yao, yaani kwetu kuanzia kama saa tatu usiku, na malango ya hatari nayo hujaa. Mtafutaji mgeni atoke asubuhi, wakati njia ni tulivu. Lakini kila siku saa nane mchana kwa saa za Mombasa seva hufungwa kwa dakika chache za matengenezo, ukiwa umetia nanga au hujatia. Ikifika saa nane kasorobo, achia kasha ulilolishika, rudi stesheni iliyo karibu, ufunge kompyuta ukale.